Milo 13 kwa siku moja: Rosie na risiti za waheshimiwa wa Brazil

Kuna mbunge wa Brazil ambaye, kwa mujibu wa karatasi zake mwenyewe, alikula milo 13 kwa siku moja. Bili zote zilikuwa na tarehe ileile, jumla yake reais (fedha za Brazil) 727 na senti kadhaa, naye akaziwasilisha bungeni ili arudishiwe fedha. Ukiishika yoyote kati ya hizo peke yake huoni kasoro. Jina la mgahawa lipo, namba ya usajili ipo, kiasi kipo, na kiasi chenyewe si cha kutisha. Karani anayepitia mamia ya karatasi kwa siku ataipitisha na kushika inayofuata. Mpaka uzipange zote 13 kwenye meza moja ndipo utajiuliza huyu mheshimiwa ana matumbo mangapi.

Aliyezipanga ni programu ya kompyuta iitwayo Rosie, iliyoanza kazi mwaka 2016, kabla mashine za kuongea na watu hazijaingia kwenye simu zetu. Huwa nakirudia kisa chake kila nikisikia semina nyingine ya "akili mnemba na uwajibikaji", kwa sababu Rosie mwenyewe hakuwa na akili nyingi. Hesabu alizofanya zinamtosha mwanafunzi wa takwimu wa mwaka wa pili. Kilichombeba ni kanuni iliyoandikwa wazi, risiti zilizowekwa hadharani moja moja, na watu waliokubali kukaa chini kuzifungua na kuzisoma kwa macho yao.

Chokoleti

Mwaka 2016 Brazil ilikuwa imevurugika. Uchunguzi wa Lava Jato, ulioanza Machi 2014, ulikuwa umefichua rushwa katika kampuni ya mafuta ya taifa na kuwagusa vigogo wa karibu kila chama. Tarehe 31 Agosti 2016 Seneti ikamwondoa madarakani Rais Dilma Rousseff. Kila jioni taarifa ya habari ilitaja mabilioni. Mtu wa kawaida atafanya nini na bilioni? Hajawahi kuiona, hawezi kuipima, na ushahidi wake uko kwa waendesha mashtaka.

Irio Musskopf, mtaalamu wa kompyuta, alikuja na wazo la kuanzia upande wa pili, kwenye fedha ndogo ambazo ushahidi wake uko wazi kwa kila mtu. Kilichomchochea ni mkasa wa Uswidi wa mwaka 1995. Mona Sahlin, aliyekuwa naibu waziri mkuu na aliyetarajiwa kukiongoza chama chake, aligundulika kutumia kadi ya serikali kwa manunuzi yake binafsi, na ndani ya orodha hiyo mlikuwa na chokoleti aina ya Toblerone. Akajitoa kwenye kinyang'anyiro. Baadaye alirudi na kukiongoza chama kuanzia 2007, lakini mkasa wenyewe umebaki na jina la chokoleti mpaka leo.

Wabrazil wakachukua chokoleti yao. Serenata de Amor ni peremende ya chokoleti ya kampuni ya Garoto, ya bei ndogo, inayouzwa kila kona. Na kwa kuwa polisi wa shirikisho wa nchi hiyo wanapenda kuzipa operesheni zao majina ya vituko, mradi ukaitwa Operação Serenata de Amor. Musskopf na wenzake, akiwemo Eduardo Cuducos, walipitisha mchango mtandaoni, zikapatikana reais 80,000 hivi, kama dola 25,000 kwa kiwango cha wakati ule. Hazikutoka serikalini wala kwa mfadhili mmoja mwenye masharti yake. Msimbo wote wa programu uliwekwa wazi kwenye GitHub, tovuti ambako watengenezaji wa programu huhifadhi na kushirikiana kazi zao, mtu yeyote auone, aukosoe, auchukue.

Mlango ulikuwa wapi

Bunge la chini la Brazil lina wabunge 513. Mbali na mshahara, kila mmoja ana fungu la mwezi la kugharamia shughuli za kibunge, linalojulikana kwa kifupi cha Kireno CEAP. Kiwango chake hutegemea jimbo analotoka, kwa sababu tiketi za ndege za kwenda na kurudi mji mkuu, Brasília, hazilingani. Kwa viwango vya wakati huo, mbunge wa Wilaya ya Shirikisho, ambaye Brasília ndiko nyumbani kwake, alikuwa na reais 30,800 hivi kwa mwezi. Wa Roraima, juu kabisa kaskazini kwenye misitu ya Amazon, alikuwa na 45,600 hivi. Fungu hilo linalipa tiketi, mafuta ya gari, kodi ya ofisi ya jimboni, simu, posta, na chakula.

Utaratibu ni wa kurudishiwa. Mbunge analipa kutoka mfukoni, analeta risiti ndani ya siku 90, Bunge linamrudishia. Kwa upande wa chakula kanuni ni fupi: kinacholipwa ni chakula cha mbunge mwenyewe. Akialika wageni, wageni wanabaki juu yake. Pombe haimo.

Sasa sikiliza sehemu hii. Mbunge anapowasilisha karatasi, anatia saini kwamba anabeba dhamana yote, kuwa huduma ilitolewa kweli na ilihusu kazi yake. Ofisi ya Bunge inakagua karatasi kama karatasi: je, ni halali kikodi, ina tarehe, haijafutwafutwa, jumla inakubali? Kama ndani ya bili kuna kitu kisichoruhusiwa na karani amekiona, wanakikata. Lakini karani hana wajibu wa kuuliza kama tumbo moja linaweza kupokea milo 13. Hakuna aliyepewa kazi ya kuuliza swali hilo, hivyo halikuulizwa.

Waliokuja na utaratibu huu hawakuwa wajinga. Ulianza mwaka 2009, baada ya kashfa ya tiketi za ndege za wabunge, na kwa kulinganisha na yaliyokuwepo kabla ulikuwa hatua kubwa mbele. Kisha ikaja Sheria namba 12.527 ya mwaka 2011, iliyoanza kutumika Mei 2012, inayompa raia haki ya kuomba taarifa yoyote ya umma. Bunge likawa linaweka matumizi yote kwenye tovuti: faili moja kwa kila mwaka, mstari mmoja kwa kila risiti.

Ukilifungua faili hilo unakuta jina la mbunge, chama, jimbo, aina ya matumizi, jina la aliyelipwa, namba yake ya usajili ambayo ni kama TIN kwetu, tarehe, kiasi cha bili, kiasi kilichokatwa, kiasi kilicholipwa. Na kwa sehemu kubwa ya mistari kuna kiungo. Ukikibofya inakuja picha ya risiti yenyewe, imeskaniwa, imepinda, wakati mwingine na doa la mafuta. Kwangu hiki ndicho kitu kikubwa kuliko vyote katika kisa kizima. Bila picha ile Rosie angekuwa mpiga ramli.

Alivyofanya kazi

Nichukue kipimo kimoja tu, cha bei ya chakula, nikieleze taratibu, kwa sababu humo ndimo unaona kazi ilivyo ya mikono hata ikiitwa ya mashine.

Kwanza unatenga mistari ya chakula peke yake. Halafu unaondoa hoteli. Kwa nini hoteli? Kwa sababu bili ya hoteli inaweza kubeba usiku tatu, kifungua kinywa, na kufuliwa mashati, na ukiiacha humo itapiga kelele kila siku bila sababu. Hakuna mashine iliyojua jambo hilo yenyewe. Kuna mtu aliyeziona zikijitokeza ovyo, akachoka, akaandika agizo kwamba jina lenye neno "hotel" liachwe.

Kisha unaiangalia migahawa. Chakula cha reais 150 kwenye mgahawa wa samaki karibu na ziwa mjini Brasília ni cha kawaida, lakini reais 150 kwenye kibanda cha maandazi na juisi kituo cha mafuta ni jambo jingine. Ukiweka kikomo kimoja kwa wote utawaonea wanaokula ghali kihalali na utawakosa wanaoiba kwa bei rahisi. Rosie alipanga migahawa katika makundi matatu kwa wastani wa bei zake na jinsi bei hizo zinavyopanda na kushuka. Mgahawa wenye risiti za kutosha ulipimwa dhidi yake wenyewe. Bili ikiruka mbali mno na kawaida ya pale pale ilipoliwa, inawekewa alama.

Hicho ndicho kipimo chote. Vipimo vingine vilikuwa rahisi hata zaidi. Je, namba ya usajili ya aliyelipwa ipo kweli? Je, kampuni hiyo ilikuwa imeshafungwa kwa mujibu wa mamlaka ya mapato siku risiti ilipotolewa? Je, jumla ya mwezi imepita kikomo cha aina hiyo ya matumizi? Je, siku moja ina risiti za miji iliyo mbali kiasi kwamba mtu hawezi kuimaliza hata kwa ndege?

Hiki cha mwisho kinavutia kwa jinsi kinavyokosea. Ili kujua mgahawa uko wapi, unachukua anwani ya kampuni kwenye usajili. Lakini mgahawa wenye matawi mengi unaweza kuwa umesajiliwa São Paulo huku sahani ikiwa imeliwa Brasília. Mbunge amekaa kwenye kiti chake bungeni siku nzima, na kwa hesabu ya mashine ameruka kilomita mia nane na kitu kwenda kula wali. Risiti ya kweli, mtu mkweli, alama nyekundu. Ndiyo maana nasema picha ya risiti ilikuwa kila kitu: unabofya, unaona anwani ya tawi imechapwa juu, unafunga, unaendelea.

Kulikuwa na programu ya pili, Jarbas, iliyokuwa kabati la mafaili. Rosie anaweka alama, Jarbas anakuonyesha mstari wenyewe, alama imetokana na kipimo gani, na kiungo cha kuifikia picha. Mwandishi wa habari asiyejua mstari mmoja wa msimbo aliweza kuingia humo na kufanya kazi.

Wiki ya kuandika barua

Januari 2017 walikusanyika kuzipitia alama za Rosie moja baada ya nyingine kwa macho. Zile zilizokuwa na maelezo waliziacha. Zilizobaki wakaziandikia Bunge rasmi: kesi 629, zikiwahusu wabunge 216, jumla zaidi ya reais 378,000.

Ukigawanya unapata kama reais 600 kwa kesi. Wapo waliocheka. Nchi inahesabu mabilioni ya Lava Jato, nyinyi mnahesabu sahani za nyama? Siwezi kusema wacheshi hao hawakuwa na hoja. Mwizi mkubwa halali na risiti za pilau. Anaunda kampuni ya ushauri ya shemeji yake, inatoa ankara safi ya kiasi kilekile kila mwezi, namba ya usajili hai, kodi imelipwa, kikomo hakijaguswa. Rosie anapita hapo bila kupepesa macho. Mashine inayotafuta kilicho tofauti na kawaida ni kipofu mbele ya wizi ambao umeshakuwa kawaida, na hili watu wanaouza mifumo ya namna hii kwa serikali zetu hawalisemi mpaka uwabane.

Lakini wabunge 216 kati ya 513 si kundi la watukutu wachache. Na sahani ya nyama ina faida moja ambayo bilioni haina: kila mtu anajua bei yake. Mama ntilie anaweza kukuambia kama chakula cha mtu mmoja kinaweza kufika kiasi fulani, bila kuhitaji mchumi wa kumfafanulia.

Bunge lilizipokea barua. Baadhi ya wabunge walirudisha fedha. Yupo aliyekuwa amewasilisha bili ya bia aliyoinywa Las Vegas akairudisha baada ya kuulizwa. Wengine walitoa maelezo, na mengine yalikuwa ya haki kabisa. Hata hivyo mwendo ulikuwa wa kinyonga, kwa sababu ileile niliyoitaja: mwenye dhamana kikanuni ni mbunge, ofisi ya Bunge inabaki katikati kama mtu wa posta.

"Waweza kunisaidia kuthibitisha?"

Wakabadili njia. Mwaka 2017 Rosie alifunguliwa akaunti ya Twitter, akawa anatangaza mwenyewe. Ujumbe wake ulikuwa wa muundo mmoja, kwa Kireno, na kwa Kiswahili ungesomeka hivi: matumizi yenye shaka ya Mheshimiwa fulani, wa jimbo fulani, waweza kunisaidia kuthibitisha? Kisha kiungo cha Jarbas. Jina la mbunge liliwekwa kwa akaunti yake, kwa hiyo simu yake ililia.

Utazame ujumbe ule kama mhariri anavyotazama kichwa cha habari. Hausemi mbunge ameiba, na neno lililotumika ni shaka. Unamalizia kwa swali, tena la kuomba msaada. Mwanasheria wa gazeti angeweza kulala usingizi. Na papo hapo ni ujumbe mkali, maana unamlazimisha mheshimiwa ajibu mbele ya wapiga kura wake, nao wana picha ya risiti mkononi. Akijibu vizuri, swali limekwisha. Akinyamaza, kunyamaza kwake kunaonekana.

Hapo pana hatari pia, nami sipendi kuipita haraka. Alama iliyotumwa kabla mtu hajaifungua ni alama yenye makosa yote niliyoyaeleza: hoteli isiyojiita hoteli, tawi lililosajiliwa mji mwingine. Januari kulikuwa na wanadamu kati ya mashine na umma. Kwenye Twitter kazi ya kuthibitisha ilihamishiwa kwa umma wenyewe, na umma mtandaoni husoma jina la mbunge na neno "shaka", hausomi alama ya kuuliza. Mbunge aliyekula kihalali kwenye tawi la mgahawa wa São Paulo anatukanwa mchana kutwa na watu ambao hawakubofya kiungo. Kwa maoni yangu, chumba cha habari chenye sifa ya kulinda hakipaswi kuiga hatua hii ya pili. Hatua ya Januari ndiyo ya kuigwa, ingawa inachosha zaidi na haina mbwembwe.

Kwetu angekula nini?

Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi ya takwimu Dar es Salaam aliniuliza kwa nini tusitengeneze Rosie wa Dodoma. Nikamwuliza atamlisha nini. Mbunge wetu halipwi kwa kuleta risiti ya ugali na samaki. Analipwa posho ya kikao na posho ya kujikimu, kiwango kimoja kwa kila siku, ale asile. Hakuna risiti, kwa hiyo hakuna cha kupima. Mtumishi anayechukua masurufu ya safari ndiye anayetakiwa kuyarejesha kwa stakabadhi, na stakabadhi zile zinaishia kwenye boksi faili la mhasibu. Kenya nako kuna posho za vikao na malipo ya kilomita. Tuna sheria za haki ya kupata taarifa, Tanzania na Kenya zote za mwaka 2016. Lakini sheria inayokuruhusu kuomba karatasi ni kitu kimoja, na faili lenye mstari mmoja kwa kila risiti, lililowekwa wazi bila mtu kuomba, ni kitu kingine kabisa.

Tulicho nacho kwa wingi ni maandishi marefu. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zinatua bungeni kila Aprili, maelfu ya kurasa, na dawati la siasa lina saa chache za kupata habari ya ukurasa wa kwanza. Hapa ndipo kizazi kipya cha mashine, zile zinazosoma na kufupisha, zimeingia bila hodi. Na makosa yake si ya aina ya Rosie.

Mwaka mmoja nilizilisha kurasa za halmashauri kadhaa kwenye mojawapo ya mashine hizo nikaiomba iniorodheshee hati, yaani maoni ya mkaguzi juu ya hesabu za kila halmashauri. Ikaleta orodha nzuri, imenyooka, halmashauri tatu zenye "hati chafu". Nikaandika. Mhariri wangu, mzee aliyeanza kazi enzi za taipureta, akaniita.

"Mwanangu, hii hati chafu umeitoa wapi?"

"Kwenye ripoti, mzee."

"Ripoti haina hati chafu. Hilo ni neno la barazani. Nionyeshe ukurasa."

Tukafungua. Mbili zilikuwa na hati yenye shaka, moja hati isiyoridhisha. Ni vitu viwili tofauti. Ya kwanza inasema hesabu kwa ujumla ziko sawa isipokuwa sehemu fulani, ya pili inasema hesabu zenyewe hazionyeshi hali halisi. Mashine ilikuwa imesoma maneno ya mitaani kwa wingi kuliko ya wakaguzi, ikazifunika zote tatu kwa neno moja tamu. Mkurugenzi wa halmashauri mojawapo angetushtaki, na angeshinda.

Alama ya Rosie ikikosea, unaweza kuirudia hesabu yake hatua kwa hatua: kundi hili, wastani huu, bili hii, basi. Muhtasari wa mashine inayoongea hauna njia hiyo ya kurudi. Unasomeka vizuri ukiwa sahihi na unasomeka vilevile ukiwa umekosea. Tangu siku ile sipokei kutoka kwayo sentensi yoyote isiyokuja na namba ya ukurasa, na ukurasa naufungua mwenyewe.

Juni 2024, Muswada wa Fedha ulipowatoa vijana wa Kenya barabarani, wataalamu wa kompyuta wa huko walitengeneza mashine za kujibu maswali kuhusu muswada huo kwa lugha nyepesi. Mtu anauliza kuhusu mkate, anajibiwa. Nililipenda wazo lile na nalipenda bado, maana muswada ule ulikuwa umeandikwa kwa lugha inayomfukuza msomaji. Ila angalia kalenda. Tarehe 18 Juni ikatangazwa kwamba VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya asilimia 2.5 ya magari vinaondolewa. Tarehe 25 wabunge wakaupitisha muswada pamoja na marekebisho, siku hiyohiyo waandamanaji wakaingia bungeni. Tarehe 26 Rais Ruto akasema hatautia saini. Ndani ya siku nane maandishi yalibadilika na kisha yakafa. Mashine yoyote iliyolishwa nakala ya kwanza na isilishwe tena ingeendelea kumjibu mtu kwa kujiamini kuhusu mkate ambao haumo tena. Mwandishi anayejua kazi huandika juu ya habari yake: kwa mujibu wa nakala ya tarehe fulani. Mashine haiandiki hivyo mpaka aliyeitengeneza akumbuke kuilazimisha.

Baada ya Rosie

Mradi wa Serenata de Amor uliingia chini ya shirika la Open Knowledge Brasil mwaka 2018. Msimbo bado uko wazi, na ukiusoma leo unaona umri wake. Kuna maelezo ya watu wanaobishana kuhusu hoteli, kuna vipimo vilivyoandikwa na kuachwa, kuna mtu anauliza kwa nini kampuni fulani inatajwa mara mbili.

Nguvu ya shirika ilihamia kwenye kazi nyingine, Querido Diário, ambayo haina hata kivuli cha mbwembwe za Rosie. Brazil ina miji na wilaya zinazojitawala zaidi ya 5,500, na magazeti rasmi ya serikali hizo ndimo zinamotangazwa zabuni, uteuzi, mikataba, na amri za meya. Kila mji unachapisha kwa namna yake. Mmoja unaweka faili safi linalosomeka, mwingine unaweka karatasi iliyoskaniwa ikiwa imelala ubavu. Mmoja unapanga kwa tarehe, mwingine kwa namba ya toleo. Kabla mashine yoyote haijaulizwa swali lolote kuhusu mikataba ya barabara, lazima mtu aende kwenye tovuti ya mji, aone matoleo yamefichwa wapi, aandike programu ndogo ya kuyachukua. Programu ya mji mmoja mara nyingi haifai kwa mji wa jirani.

Wanaoziandika wengi ni watu wa kujitolea, mji mmoja baada ya mwingine. Meya mpya akiingia na kubadilisha tovuti, programu ya mji huo inakatika, na mtu anakaa tena chini kuiandika upya.